Kulinda Kompresa ya Kiyoyozi Umeme Unapokatika na Kurudi Ghafla: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu viyoyozi vya majumbani vyenye mashine moja ukutani ndani na nyingine nje, vya ukubwa wa BTU (kipimo cha uwezo wa kupoza) 9,000 hadi 24,000, ambavyo ndivyo vilivyojaa katika nyumba za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja. Joto na unyevu wa pwani havikipi kiyoyozi msimu mrefu wa kupumzika, kwa hiyo umeme unapokatika mara nyingi huikuta kompresa ikiwa kazini, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Je, kinachoua kompresa ni kukatika kwa umeme au kurudi kwake?

Ni kurudi kwake, hasa unaporudi ndani ya sekunde chache. Kompresa ni pampu ya gesi: huvuta gesi yenye shinikizo dogo kutoka mashine ya ndani, huikandamiza, kisha huisukuma kwenye koili ya mashine ya nje ikiwa na shinikizo kubwa na joto kali. Katika kiyoyozi kinachotumia gesi ya R410A, mchana wenye joto la nyuzi 33 hivi, upande wa kuvuta huwa na shinikizo la takribani bar 9, na upande wa kusukuma huweza kufika bar 27 au zaidi. Umeme ukikatika, mota husimama mara moja, lakini tofauti hiyo ya shinikizo hubaki ndani ya mabomba, ikipungua taratibu kadiri gesi inavyopenya kwenye kapilari, yaani kile kibomba chembamba cha shaba kinachotenganisha pande hizo mbili.

Mtu anayesukuma mkokoteni uliojaa mizigo kupandisha mlima huweza kuumudu maadamu unatembea. Ukisimama katikati ya mlima, kuuondoa tena ni kazi nyingine kabisa. Kompresa nayo iko hivyo. Mota yake ya fezi moja, inayosaidiwa na kapasita ndogo ya kudumu tu (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuisaidia mota kuzunguka), imeundwa kuanza kuzunguka wakati shinikizo la pande zote mbili limelingana. Ikilazimishwa kuanza huku bar 27 zikiikabili, hushindwa kuzunguka, hukwama, na badala ya ampea 5 inazotumia ikiwa kazini, huvuta ampea 25 au hata zaidi. Umeme wote huo hugeuka joto ndani ya waya za mota, na kwa kuwa hakuna gesi inayopita kuzipooza, rangi ya kuhami inayozifunika waya hizo huanza kuungua. Tukio moja huenda lisiiue. Matukio hayo yakirudiwa miezi na miezi, huila kidogo kidogo hadi siku moja waya zigusane.

Nisubiri dakika ngapi kabla ya kukiwasha tena?

Angalau dakika 3, na mimi nashauri 5. Dakika 3 ndizo watengenezaji wengi wanazozitumia katika bodi zao, yaani saketi za kielektroniki zinazokiendesha kiyoyozi, kwa sababu kwa kawaida zinatosha kulinganisha shinikizo kupitia kapilari. Hata hivyo, si kila mfumo una kapilari. Mingine ina vali ya kupunguzia shinikizo ambayo hujifunga mashine inaposimama, na hapo gesi huchukua muda mrefu zaidi kulingana. Mabomba marefu na jua kali linaloipiga mashine ya nje navyo huongeza muda huo. Dakika 2 za nyongeza hazimgharimu mtu chochote isipokuwa jasho kidogo.

Ipo sababu nyingine ya kusubiri, isiyohusu shinikizo. Umeme unaporudi mtaani, mafriji, pampu za maji na viyoyozi vya nyumba zote huwaka kwa pamoja, na volti za mtaa mzima hushuka kwa muda. Nguvu ya mota ya kujizungusha hupungua kwa mraba wa volti, kwa hiyo mota ya volti 230 ikipata volti 190 tu, inabaki na takribani asilimia 68 ya nguvu yake. Tena umeme uliorudi mara nyingi huwa haujatulia: huwaka, huzima, huwaka tena. Mwenye kusubiri dakika 5 huipisha misukosuko yote hiyo.

Kiyoyozi changu kina rimoti na huchelewa chenyewe kuwaka. Bado nahitaji kinga nyingine?

Inategemea kinachelewa wakati gani. Bodi nyingi huzuia kompresa kuwaka kwa dakika 3 baada ya wewe kuizima kwa rimoti au baada ya chumba kufikia baridi uliyoiweka, kwa sababu umeme ulikuwapo muda wote na saa ya bodi iliendelea kuhesabu. Umeme ukikatika, saa hiyo hupotea. Bodi zilizoundwa vizuri huanza kuhesabu upya kila umeme unaporudi. Nyingine hukichukulia kila kiyoyozi kilichopata umeme kuwa kimepumzika tangu jana, na huiwasha kompresa mara moja.

Unaweza kuipima yako bila kuidhuru. Zima kiyoyozi kwa rimoti, hakikisha mashine ya nje imesimama, kisha subiri dakika 10. Zima swichi yake ya ukutani kwa nusu dakika, iwashe, halafu kiwashe kiyoyozi kwa rimoti papo hapo ukiwa umeweka baridi ya chini kabisa, na uhesabu muda unaopita hadi kompresa ianze kunguruma. Usihesabu kuanzia feni ya ndani, kwani hiyo huwaka mapema. Ikichukua dakika 3 au zaidi, bodi yako ina kinga ya kweli. Ikianza baada ya sekunde chache, huna kinga yoyote dhidi ya umeme unaorudi haraka, hata kama kitabu cha maelezo kinataja dakika 3.

Viyoyozi vya dirishani vya zamani, vyenye vitufe vya kuzungusha kwa mkono, havina bodi kabisa. Hivyo huwaka sekunde ileile umeme unaporudi, na ndivyo vinavyohitaji kinga kuliko vyote.

Nimenunua cha inverta. Je, nimesalimika?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, kwa upande wa kompresa. Katika kiyoyozi cha inverta, mota haiunganishwi moja kwa moja na umeme wa ukutani. Bodi hubadili umeme huo na kuianzisha mota kwa mwendo wa polepole kabla ya kuiongezea kasi, na ikihisi kwamba mota imekwama huikatia umeme. Karibu zote pia huchelewa baada ya umeme kurudi.

Lakini hatari imehama, haijaondoka. Bodi ya mashine ya nje ndiyo inayopokea sasa kila pigo la umeme unaporudi ukiwa na volti nyingi, na bodi hiyo ni ghali kiasi kwamba bei yake huweza kukaribia ile ya kompresa. Ndani yake mna fyuzi na kinga ndogo ya kumeza volti zilizozidi, ila kinga hiyo huchoka kila inapofanya kazi. Kwa hiyo mwenye inverta anahitaji kifaa cha kukata umeme volti zinapopanda, pengine kuliko anavyohitaji cha kuchelewesha.

Umeme haujakatika mtaani, ila units zangu ziliisha nikaweka tokeni. Hilo nalo lina madhara?

Lina madhara yaleyale, na nasikitika kwamba halitajwi mara nyingi. Mita ya malipo ya kabla, LUKU kwa Tanzania Bara na zile za tokeni kwa Kenya, hukata umeme units zinapoisha hata kama kompresa iko katikati ya kazi. Mwenye nyumba ambaye tayari ana ujumbe kwenye simu huingiza namba zake 20 chini ya dakika moja, na kompresa hurudishiwa umeme shinikizo likiwa bado juu. Zima kiyoyozi kwenye swichi yake kwanza, ndipo uingize tokeni. Afadhali zaidi ni kununua units kabla hazijaisha.

Jambo linalofanana na hilo ni pale mtu anapoona kiyoyozi hakitoi baridi katika zile dakika 3 za kusubiri, akadhani kimegoma, akazima na kuwasha swichi ya ukutani tena na tena. Penye bodi nzuri, kila mara anaanzisha hesabu upya. Penye bodi isiyochelewesha, anaipiga kompresa kwa mkono wake mwenyewe.

Ninunue kifaa gani, na nikiangalie vipi?

Kifaa chenyewe wauzaji wengi wa vifaa vya umeme hukiita gadi. Kazi zake ni tatu: kukata umeme volti zikishuka mno, kukata zikipanda mno, na kuchelewesha kuurudisha hadi muda fulani upite ukiwa umetulia. Hiyo kazi ya tatu ndiyo inayoihusu kompresa moja kwa moja, na ndiyo wanunuzi wanayoisahau kuiuliza.

Angalia kwanza ampea. Gadi ya friji, hata ikifanana sana na ya kiyoyozi, mara nyingi imetengenezwa kwa ampea chache, na ukiifungia kiyoyozi itaungua yenyewe au itayeyusha soketi. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kisicho cha inverta hutumia takribani ampea 4 kikiwa kazini, cha 12,000 ampea 5 hadi 6, cha 18,000 ampea 8 hivi, na cha 24,000 huweza kufika 11 au 12. Juu ya hapo kuna ule mvuto mkubwa wa sekunde ya kuwaka. Kwa hiyo gadi ya kuchomeka kwenye soketi ya ampea 13 inafaa kwa vile vidogo tu. Kuanzia BTU 18,000, tafuta ile inayofungwa ukutani kwa waya, yenye ampea 20 au 30, kwenye laini ya kiyoyozi peke yake yenye breka yake.

Kisha angalia muda. Gadi zenye kitufe cha kupanga muda ni bora kuliko zilizofungwa kwenye sekunde 30, kwa maana sekunde 30 zinaipisha misukosuko ya volti lakini hazitoshi kabisa kulinganisha shinikizo la gesi. Panga dakika 3 hadi 5. Zipo zinazohesabu pia muda ambao umeme haukuwapo, kwa hiyo ukikatika kwa saa nzima hazikucheleweshi bure. Huo ni urahisi, si lazima.

Mwisho ni viwango vya volti. Umeme wetu wa majumbani ni wa volti 230 kwa Tanzania na 240 kwa Kenya, na vibao vya viyoyozi vingi huandikwa 220 hadi 240. Gadi inayokata chini ya takribani 185 hadi 195 na juu ya takribani 255 hadi 265 inafaa kwa nyumba nyingi. Ukiipandisha mno ile ya chini, kiyoyozi kitakuwa kinazimwa kila jioni matumizi ya mtaa yanapopanda, na huko kuzimwazimwa ndiko tunakokukimbia.

Kazi ya kuifunga ile ya ukutani mpe fundi umeme mwenye leseni, inayotolewa na mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania Bara au EPRA kwa Kenya. Si suala la karatasi tu: kiungio kilicholegea kwenye laini ya ampea 20 hupata moto, na moto huo ndio huanza kuchoma nyumba.

Nina stebilaiza. Haitoshi?

Stebilaiza hunyanyua volti zilizoshuka na kushusha zilizopanda. Haingoji shinikizo la gesi lilingane. Ikiwa yako ina kitufe cha kuchelewesha, kiweke kwenye muda mrefu, na hapo itafanya kazi zote mbili. Ikiwa haina, inamrudishia kiyoyozi umeme mzuri kwa wakati mbaya. Pale ambapo volti hukaa chini saa nyingi kila siku, mwisho wa laini ndefu kwa mfano, stebilaiza ina maana. Pale ambapo volti ni nzuri na tatizo ni kukatika tu, fedha zako zitafanya kazi zaidi kwenye gadi.

Nyumba yangu ina jenereta inayowaka yenyewe. Je, kiyoyozi kiko salama?

Hapa kompresa hupigwa mara mbili kwa kila katizo moja. Umeme wa shirika hukatika, jenereta hushika baada ya sekunde 10 au 15 hivi, na kompresa hupata pigo la kwanza. Umeme wa shirika ukirudi, swichi hubadilisha upande kwa sekunde chache, na hapo huja pigo la pili. Jenereta ndogo nayo hulemewa na ule mvuto wa kuwaka, volti zake huzama, na kompresa iliyokwama hubaki imekwama kwa muda mrefu zaidi. Gadi inapaswa kuwekwa baada ya swichi ya kubadilishia, upande wa kiyoyozi, ili iyaone makatizo yote mawili. Mwenye swichi ya kubadilisha kwa mkono ana njia rahisi zaidi: azime breka za viyoyozi kwanza, abadilishe upande, asubiri, ndipo aziwashe moja baada ya nyingine.

Na nikiwa na viyoyozi vitatu au vinne?

Vipange muda tofauti, kwa mfano dakika 3, 5 na 7. Vikiwaka kwa mpigo mmoja, kila kimoja humnyang'anya mwenzake volti wakati ule ule ambao vyote vinazihitaji.

Nitajuaje kwamba kompresa imekwama, na nifanye nini?

Utasikia mashine ya nje ikivuma kwa sauti nzito bila ule mngurumo wa kawaida, kwa sekunde chache, kisha mlio mkavu wa kubofya, kisha kimya. Feni ya nje huweza kuwa inaendelea kuzunguka, na ndiyo maana wengi hawatambui. Taa za ndani hufifia wakati wa mvumo huo, na pengine breka huanguka.

Ule mbofyo ni ovalodi, kinga ndogo ya joto iliyo juu ya kompresa au ndani yake, inayokata umeme mota inapopata moto. Ikishapoa hujirudisha, kompresa hujaribu tena, na mzunguko huendelea. Usiiache iendelee kujaribu kwa kutumaini kwamba hatimaye itashika. Ovalodi ni ngao ya mwisho, na kila inapofanya kazi maana yake ni kwamba mota tayari imepata joto lisilofaa.

Zima kiyoyozi kwenye breka au swichi ya ukutani, si kwa rimoti pekee. Kiache nusu saa. Kompresa iliyopata moto sana huweza kuhitaji saa moja au zaidi kabla ovalodi ya ndani haijajirudisha, kwa hiyo ukimya wake baada ya nusu saa haumaanishi kuwa imekufa. Kiwashe mara moja tu. Ikivuma tena na kukata, mwite fundi, na umwombe aanze kwa kupima kapasita kabla ya kuitangaza kompresa kuwa imeungua. Kapasita iliyopungua nguvu huleta dalili zilezile, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompresa. Wapo watu waliolipia kompresa mpya kwa sababu ya kapasita, na hilo linaumiza. Wewe mwenyewe usiiguse: hubaki na umeme ndani yake hata baada ya breka kuzimwa.

Ikithibitika kwamba kompresa imeungua kweli, mwambie fundi asiibadilishe tu na kujaza gesi. Mafuta na gesi vilivyoungua hutengeneza asidi inayobaki kwenye mabomba. Mfumo usiposafishwa na kichujio kipya cha kukausha kisipofungwa, kompresa mpya nayo huanza kuliwa tangu siku ya kwanza.

Fundi amependekeza kapasita ya kuwashia. Nikubali?

Kapasita hiyo, pamoja na relei yake, huipa mota nguvu ya ziada katika sekunde ya kuanza. Inafaa kwa kompresa iliyozeeka au kwa mtaa wenye volti dhaifu. Haifai kama badala ya kusubiri, kwa kuwa huiwezesha kompresa kuanza kinguvu dhidi ya shinikizo lililopaswa kuachwa lishuke, na mzigo huo hubebwa na vyuma vya ndani. Funga gadi kwanza. Ikiwa baada ya hapo bado inaanza kwa taabu, mazungumzo ya kapasita ya kuwashia yana msingi. Kwa kiyoyozi cha inverta, kapasita hiyo haihusiki kabisa.

Je, katizo refu la siku nyingi lina madhara zaidi?

Kwa kompresa, hapana. Unguja ilikaa bila umeme wa kebo ya baharini kwa takribani miezi 3, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na shinikizo ndani ya kila kiyoyozi kilichozimwa lilikuwa limelingana kabla ya saa ya kwanza kuisha. Cha kuhofia baada ya katizo refu ni zile dakika za kwanza za umeme kurudi, ambapo volti hupanda na kushuka na umeme huweza kukatika tena mara mbili au tatu. Acha breka ya kiyoyozi ikiwa chini hadi taa zikae robo saa bila kutikisika.

Mimi ni mpangaji na sina fedha za gadi kwa sasa. Nifanye nini?

Kila umeme unapokatika, nenda ukazime swichi ya kiyoyozi ukutani kabla ya kutafuta taa ya simu, na uiwashe mwenyewe dakika 5 baada ya umeme kurudi. Wafundishe wote wa nyumbani, hata watoto wanaofika swichi. Udhaifu wa njia hii ni usiku mkiwa mmelala na mchana mkiwa hamko nyumbani, kwa hiyo msiache kiyoyozi kikifanya kazi mnapotoka. Angalia pia kama kiyoyozi chako kinajirudisha chenyewe baada ya umeme kurudi. Aina nyingi huruhusu uwezo huo kuzimwa, kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu chake. Ukishauzima, kiyoyozi kitabaki kimya umeme unaporudi saa nane za usiku, utaamka kwa joto, na kompresa itakuwa imeshapumzika vya kutosha utakapobonyeza rimoti.